Miaka ya Dada Chini ya Kioo

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya mikono yangu. Kuanzia leo mkono wa kushoto naupaka krimu ya kurudisha ujana, ile ya kopo la dhahabu inayokaa rafu ya juu, na mkono wa kulia naupaka mafuta ya mgando ya kawaida, yale ambayo hayakosekani katika nyumba yoyote. Mwaka wa sita sasa nauza krimu hii. Kila siku hakosi mtu wa kuniuliza, "Lakini inafaa kweli?" na kila siku nasema inafaa, nami sijui. Masika yakiisha nitaweka mikono yote miwili juu ya kaunta niitazame. Nina miaka arobaini na tisa, na kabla sijafika hamsini nataka kujua walau jambo moja kwa hakika.

Mvua imeanza saa kumi, ikaleta matope hadi mlangoni.

Jumatano, 5 Machi

Mikono: sawa. Siku mbili tu, nilitarajia nini?

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimezeeka miaka kumi na moja kwa dakika moja.

Aliingia mwalimu mstaafu anayekaa mtaa wa nyuma, mwanamke mrefu anayevaa miwani ya kamba. Alishika kopo la dhahabu, akalirudisha, akalishika tena. Akaniuliza swali lile lile. Kabla sijafungua mdomo, Madam mwenye duka akatoka stoo na kunishika kidevu kama anauza tikiti maji. "Mwangalie huyu. Unampa miaka mingapi?"

Mwalimu akanipima. "Arobaini na tano? Na nane?"

"Sitini," akasema Madam. "Sitini kamili, na anatumia kopo hili hili."

Nilidhani ni utani, nikangoja acheke. Hakucheka. Mwalimu alivua miwani, akaivaa tena, kisha akafanya jambo ambalo mpaka sasa linanikereketa kooni. Aliinamisha kichwa akasema, "Kumbe ni dada yangu! Mimi nina hamsini na nane. Shikamoo."

Mtu aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka tisa. Madam akanikanyaga mguu chini ya kaunta. Nikasema marahaba.

Akanunua makopo mawili.

Jumatano, 12 Machi

Mikono: sawa. Mvua kutwa.

Mwalimu amerudi na rafiki yake asiyeamini. Rafiki kasema mdomoni kila mtu ana umri anaoutaka, yeye anataka kitambulisho. Madam hakubabaika hata kidogo. "Kesho kitakuwepo."

Walipotoka nikamwambia kitambulisho changu hakitasema sitini hata kikipigwa. Akasema, "Wewe si una dada?"

Alhamisi, 13 Machi

Nimefanya. Naandika nilivyofanya ili nisije baadaye nikajidanganya kwamba nililazimishwa kwa bunduki.

Dada yangu anatimiza sitini mwaka huu. Ni mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali, na amebakiza wiki chache astaafu. Fomu zake za kustaafu nazijaza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma, na nilisoma kwa sababu yeye alipiga pasi. Mama alipofariki, Dada alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi nane. Akaingia kwenye ule mvuke na hajatoka.

Kwenye bahasha yake ya fomu kuna nakala ya kitambulisho chake. Kona moja inaonekana hata kwenye nakala imejikunja kwa mawimbi, kwa sababu aliwahi kukisahau kwenye mfuko wa aproni, akaipiga pasi aproni pamoja na kitambulisho. Tulicheka siku hiyo mpaka tukakaa chini. Picha kwenye nakala imetoka nyeusi kama masizi, na jina la baba ni moja. Hata mimi ningeapa ni mimi.

Nilimwambia Madam ni kwa leo tu. Yule rafiki alisoma tarehe ya kuzaliwa kwa sauti, akanitazama, akasoma tena. Akanunua.

Ijumaa, 14 Machi

Nilipoamka nikaikuta nakala imewekewa nailoni ngumu na kulazwa chini ya kioo cha kaunta, katikati, mbele ya kiti changu. Namba ya kitambulisho Madam ameifunika kwa kipande cha karatasi. "Mimi si mjinga," amesema.

Nikamkumbusha: kwa leo tu. Akasema, "Maji umeshayavulia nguo, mama. Yaoge."

Jumatatu, 17 Machi

Masharti mapya. Nisikae juani hata dakika tano. Nisikunje uso. Nisicheke, kwa sababu nikicheka pembe za macho zinafanya mistari; nikipenda, nitabasamu kwa midomo tu. Nikiulizwa umri na mtu yeyote, hata nje ya duka, ni sitini.

Duka lina vioo ukuta wa kushoto, wa kulia na wa nyuma. Mbele kuna kaunta, na nje ya kaunta mvua. Ninakolala ni chumba kilicho nyuma ya stoo, nacho ni cha Madam, kinakwenda na kazi. Zamani sikuwahi kukihesabu kama kasoro. Leo nimekaa saa kumi na mbili nikijitazama pande tatu bila kucheka.

Alhamisi, 20 Machi

Mikono: sawa. Shikamoo za wakubwa zangu: nne.

Jumanne, 25 Machi

Nimekwenda duka la dawa jirani kununua dawa ya kichwa. Mfamasia, binti mwenye maneno machache, akaniuliza umri. Madam alikuwa ananitazama kutoka kizingitini kwake. Nikasema sitini. Akanipima presha kwa dakika nzima, akasema kwa umri wangu niko vizuri sana. Nikaona aibu kusifiwa kwa presha yangu mwenyewe.

Nikamuuliza kuhusu krimu. Alitazama mlangoni kwanza, kisha akasema polepole, "Makunyanzi mengi, mama, huletwa na jua. Kofia na losheni ya kukinga jua, hivyo vina faida. Zipo krimu zenye dawa ndani zinazosaidia kidogo, kwa miezi mingi, na si lazima ziwe za bei ya kutisha. Hizo nyingine kazi yake ni kulainisha ngozi, na hata mafuta ya mgando yanalainisha. Kinachopandisha bei ni kopo."

"Na mimi je? Mbona nimekaa hivi?"

"Wewe unafanya kazi kivulini," akasema.

Jumatano, 2 Aprili

Mikono: sawa. Maji yameingia stoo, tumehamisha maboksi. Makopo ya dhahabu yalikuwa yamejaa mpaka dari mwezi wa pili. Sasa yamebaki mistari mitatu.

Jumatano, 9 Aprili

Kwa muda mrefu nimemwona Madam kama mtu asiyeogopa kitu. Leo nimeingia stoo bila kubisha, nikamkuta mbele ya kioo cha mkononi, uso umeoshwa, hana hata wanja. Sikumtambua kwa nukta moja. Alikuwa anajipaka mafuta ya mgando, kidole kizima, shavu hadi shingo.

Tukatazamana.

"Ile krimu yangu inaniwasha," akasema. Kisha, kama anajibu swali ambalo sikuuliza: "Mume wangu amehamia kwa mwingine, unajua. Alivyonitazama siku ile, ungesema mimi ni kiti kilichovunjika mguu. Nikaagiza maboksi mia ya hii kitu wiki hiyo hiyo."

Nilimhurumia kweli. Nilitaka hata kumshika bega. Akafunga kopo la mafuta akasema, "Rudi mbele, kuna mteja," na alipotoka nusu saa baadaye alikuwa amevaa uso wake wote.

Jumanne, 15 Aprili

Leo nimesema ukweli. Haukunisaidia kitu.

Mwalimu alikuja kununua kopo la nne. Mashavu yake yana vipele vidogo vyekundu, amevipaka poda juu. "Shikamoo dada," akasema kwa upole ule ule, na nikaona siwezi tena. Madam alikuwa kwenye simu. Nikasema, "Mwalimu, usiniamkie. Mimi nina arobaini na tisa. Wewe ni mkubwa wangu."

Alinitazama. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kaunta. "Jamani, hata wewe! Hata na uso huo bado unapunguza miaka!" Akagonga kioo kwa kidole, juu ya nakala. "Serikali imekuumbua hapa, dada. Tulia na sitini yako, ni heshima."

Wateja wengine wawili wakacheka naye. Madam alikata simu akauliza kuna nini. Walipomweleza, alicheka kuliko wote. Akasema, "Mvumilieni. Uzee unamtia aibu."

Nimejifungia mwenyewe na ufunguo nimeumeza. Ndivyo ninavyojiona nikiandika haya.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Shikamoo tatu.

Jumanne, 22 Aprili

Mikono: sawa. Siku hizi nikiona watu wanakuja natazama kwanza miguu yao mlangoni, nikiomba isiwe miguu ya mtu anayenijua.

Dada kanipigia. Wenzake wa chumba cha kufulia wanachangishana zawadi ya kumuaga, wanafanya siri lakini yeye amesikia. "Wanasema watanitoa makunyanzi," akasema akicheka. "Kuna duka, eti muuzaji wake ana umri wangu na anaonekana binti. Nikawaambia mdogo wangu naye anauza vipodozi, huenda wanajuana."

Nikamwambia maduka ni mengi.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo wamekuja wanawake watatu wenye mikono iliyofura kwa maji ya moto. Walisoma nakala chini ya kioo, wakanitazama, wakanunua kopo moja la dhahabu kwa noti zilizokunjwa kunjwa. Mmoja akasema, "Ni ya mwenzetu. Uso wake umeliwa na mvuke. Wewe ulifanya kazi gani maishani, mama?"

Nikasema, "Hii hii."

Nikawafungia kopo kwenye karatasi nzuri. Mikono yangu yote miwili ilishiriki sawasawa.

Jumamosi, 3 Mei

Sijui nianzie wapi.

Saa nne asubuhi, mvua nyepesi, duka limejaa. Mwalimu yupo, ameleta majirani wawili. Madam ananizungusha uso kuelekea kwenye mwanga. Nikaona miguu mlangoni: viatu vya mpira vya bluu, kisigino cha kulia kimelika upande. Nikavijua kabla sijapandisha macho.

Dada hajawahi kufika hapa. Zamu zake na saa zangu hazijawahi kupatana, mimi ndiye ninayekwenda kwake Jumapili. Aliingia anatabasamu, mwavuli unachuruzika, kopo la dhahabu mkononi. Bila shaka amekuja kulibadilisha apewe sabuni na mafuta ya kawaida, wenzake wamemwelekeza duka lilipo, naye njiani amefurahi kwamba mtaa ni ule ule wa mdogo wake. Alikuwa anafungua mdomo aniite.

Kisha akatazama chini ya kioo.

Picha haikumwambia kitu, picha ni masizi. Aliona kona, ile ya mawimbi. Alikaa akiitazama kona ile kwa muda ambao naweza kuuchora. Akanitazama mimi. Akamtazama Madam, na mkono wa Madam kwenye kidevu changu.

Mmoja wa majirani wa mwalimu, mwanamke asiye na nia mbaya, akamwambia, "Karibu mama, ona maajabu, huyu ana sitini! Na wewe je, una mingapi?"

Dada aliweka kopo juu ya kaunta taratibu. Akasema, "Mimi nina arobaini na tisa."

Wateja wote wakamgeukia. Nilimsikia mwalimu akivuta pumzi. "Pole, mwanangu," akamwambia. "Maisha yamekupiga."

"Yamenipiga," Dada akasema. "Kwa kweli yamenipiga." Kisha akanigeuzia shavu lake lenye makunyanzi, akapiga goti kidogo, jinsi alivyonifundisha yeye mwenyewe nilipokuwa mtoto, akasema, "Shikamoo, dada."

Madam akanikanyaga mguu.

Nikasema marahaba. Naandika hapa kwa mkono wangu: nilisema marahaba.

Akachukua mwavuli akatoka. Madam aliweka kopo lake rafuni, akawageukia wateja. "Mmeona wenyewe? Arobaini na tisa yule, na sitini huyu." Wakanunua wote.

Jumapili, 4 Mei

Nimekwenda kwa Dada. Nilipiga hodi, akafungua. Alikuwa anapiga pasi nguo za majirani, ndiyo kazi aliyojipangia baada ya kustaafu. "Shikamoo dada," nikasema.

Hakuitikia. Aligeuza shati upande wa pili, akanyunyiza maji, akapitisha pasi kwenye kola. Nikarudia. Akasema, "Mimi ndiye nikuamkie wewe. Wewe mkubwa."

Nikaanza kujieleza, Madam, mvua, chumba, siku moja tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nakiri. Halafu akasema:

"Miaka umechukua. Mbona mgongo umeniachia? Ungebeba na magoti. Ungebeba na ile asubuhi tuliyomzika mama. Umechagua namba tu, mwenzangu, kama anayechagua nyanya."

"Nisamehe, dada."

"Sijakasirika kwa sababu ya uso. Uso wangu naujua. Ile miaka nimeifanyia kazi, yote sitini, hakuna hata mmoja niliopewa bure. Nilipokuwa pale dukani nilijiona sina hata mmoja."

Nilipoondoka nilisema tena shikamoo, kama kwaheri. Kimya. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, wanasema, na mimi niliubeba wake miezi miwili nikijiona mwepesi.

Jumatatu, 5 Mei

Nimemwomba Madam nakala. Amesema, "Ukikitoa hicho, toa na godoro lako."

Ijumaa, 9 Mei

Mikono: sawa. Nani ataajiri muuzaji wa vipodozi wa miaka hamsini kasoro mmoja? Nimemuuliza mfamasia kama wanahitaji mtu. Akasema, kwa huruma, kwamba kwa umri wangu ningestahili kupumzika.

Jumapili, 11 Mei

Kwa Dada. Shikamoo. Kimya. Alinipa chai, akaniuliza habari za mvua kama mgeni.

Jumatano, 14 Mei

Mvua imekatika tangu jana. Leo nimeweka mikono yote miwili juu ya kioo, wiki ya kumi na moja. Niliitazama kwenye mwanga wa mlango, nikaigeuza, nikaisogeza karibu. Wa kushoto, wa krimu. Wa kulia, wa mafuta ya mgando. Kama ningesahau ni upi ulipakwa nini, nisingeweza kujua. Katikati ya mikono ile, chini ya kioo, kulikuwa na kona ya mawimbi.

Basi nimepata jibu. Na jibu lenyewe nililijua tangu Machi.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeamka mapema nikafuta kaunta kama kawaida. Nikanyanyua kioo, nikatoa nakala ya Dada, nikaiweka ndani ya daftari hili. Mahali pake nikalaza kitambulisho changu mwenyewe, halisi, chenye picha inayoonekana.

Mteja wa kwanza alikuwa mgeni, na mwalimu alikuwa nyuma yake. Mgeni akainama akasoma. Akahesabu kwa vidole. Akanitazama vizuri, paji, macho, shingo.

"Arobaini na tisa tu?" akasema. "Mbona unaonekana mkubwa?"

Nilicheka. Nilicheka kwa uso mzima, pembe za macho zikafanya mistari yake yote, na katika vioo vitatu niliona wanawake watatu wanaocheka. Sikuweza kujizuia. Mgeni naye akaanza kucheka bila kujua anachekea nini.

Mwalimu hakucheka. Alisogeza miwani, akasoma mwenyewe, akasoma tena. "Kwa hiyo siku ile ulikuwa unasema kweli."

"Ndiyo."

"Na yule mwanamke wa mwavuli?"

"Yeye ndiye mwenye sitini. Ni dada yangu."

Akajigusa vipele shavuni. "Krimu, sawa, nilinunua kwa tamaa yangu. Lakini shikamoo zangu, binti! Shikamoo zangu zote zile nirudishie."

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

"Hiyo moja. Utanilipa zilizobaki." Akamwambia mgeni, "Twende, kuna duka la kofia pale ng'ambo."

Madam alikuwa amesimama mlango wa stoo, amesikia yote. Sikumwona na hasira. Alionekana kama siku ile aliyokuwa hana wanja. "Toa hicho kitambulisho," akasema, "au toka wewe."

Nikakitoa. Nikatoa na godoro.

Nimevuka mji saa sita mchana na jua la utosi, godoro kichwani, nikitoka jasho mpaka kwenye nyusi. Dada alikuwa mlangoni anakung'uta shuka. Nikashusha godoro, nikafungua daftari, nikampa nakala yake kwa mikono miwili.

"Shikamoo, dada."

Aliitazama kona ya mawimbi, akaiweka nakala kwenye mfuko wa aproni, mahali pale pale pa zamani. Alitazama godoro. Alinitazama uso, ulivyokuwa umelowa.

"Marahaba," akasema.

Nililia hapo hapo mlangoni, mtu mzima mimi. Aliniacha nilie kidogo, kisha akauliza, "Una miaka mingapi?"

"Arobaini na tisa."

"Basi bado mtoto," akasema Dada, akanisogezea rundo la mashati. "Shika hiyo pasi, mimi mgongo unaniuma."